Mashuka ya Wodi Saba

Sehemu ya Sita

Juma zima mmekuwa mkiniuliza swali moja tu: kuna nini kwenye ile pembe ya shuka? Haya, sogezeni viti. Anayekula amalize kwanza, maana sitaki lawama.

Mama Shuka alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha hoteli, godoro kaliinua kwa bega, pembe ya shuka mkononi. Mshono alikuwa ameufumua kwa kimkasi cha kucha. Chini ya kiraka kidogo cha pembetatu, kilichoshonwa na fundi mwenye mkono mzuri, palikuwa na uzi mwekundu.

Uzi wake mwenyewe.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nieleze upesi. Mwanamke huyu ni mkuu wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa huko bara, na jina la Mama Shuka alipewa na wauguzi likamganda. Shuka la Wodi Saba, wodi ya wagonjwa wanaotengwa, likifika pabaya halirudi tena kitandani. Linakatwa sikio, yaani pembe moja, kisha penye mkato panashonwa uzi mwekundu mishono mitatu, ili hata mtu akipapasa gizani ajue kwamba hilo ni la tanuri. Shuka alilofia mtu hushonwa uzi mweusi. Utaratibu huo aliubuni yeye, na mishono ile anaijua kama anavyojua meno ya wanawe.

Asingeiona kamwe kama asingekuwa na ile tabia yake. Hawezi kulala kitanda kilichotandikwa ovyo. Asubuhi ya siku ya nne ya likizo, badala ya kwenda kuogelea kama wenzake, aliamua kuwafundisha watu wa hoteli jinsi pembe ya shuka inavyokunjwa.

Siku tatu alikuwa amelalia uzi mwekundu. Siku tatu alikuwa amejifunika uzi mwekundu mpaka kidevuni, akisema, jamani, kumbe raha ndiyo hii.

Mwili ukaanza kumwasha.

"Mama watoto!" Mlango ukafunguliwa. Mumewe aliingia na bilauri mbili za maji ya matunda, kaptura mpya, miguu imejaa mchanga. "Boti inapiga honi! Leo tunazunguka kisiwa kizima, mapango, kasa, kila kitu. Mbona umepiga magoti, unasali?"

Mama Shuka akaliachia godoro likaanguka puu.

"Hereni imeanguka," akasema.

"Nitakununulia nyingine. Leo ni siku yetu. Miaka kumi, mke wangu!"

Alimtazama. Mume wake huyu ni mtunza stoo wa hospitali ile ile. Kazini wanamwita Bwana Stoo. Na mashuka yaliyokatwa sikio hutoka mikononi mwa mke na kuingia mikononi mwa mume, ayapeleke kwenye tanuri nyuma ya hospitali. Hakuna mkono wa tatu katikati.

"Baba watoto, hivi hii safari uliipataje vile?"

"Si nilikwambia? Bahati nasibu ya wafanyakazi."

"Mbona mimi ni mfanyakazi na sikuisikia?"

"Ilikuwa ya watu wa stoo." Akanywa funda. "Mbona unanihoji kama polisi? Vaa kofia twende."

Akavaa kofia. Alitaka kuona mambo yamefika wapi.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kizuri, sitawadanganya. Maji ya kijani, mchanga mweupe, minazi imeinama kama inayopigwa picha. Mwenye hoteli ndiye aliyeshika usukani wa boti, mzee mnene mwenye kofia ya majani asiyoivua hata anapokula. Wageni walikuwa wamemwita Bosi Kofia tangu siku ya kwanza, naye alipenda.

Wageni walikuwa jozi sita za wanandoa. Karibu na Mama Shuka walikaa maharusi wa juma moja, wangali wanalishana kila kitu mdomoni. Bibi harusi alikuwa anakuna kiwiko.

"Mbu wa hapa wabaya," akasema, akicheka.

Mama Shuka akakitazama kile kiwiko. Vipele vilikuwa vimepanga mstari, vidogo, vyekundu, vinaelekea kwapani. Mbu gani anayepanga mstari? Akageuza uso akatazama bahari, na bahari haikumsaidia.

Waliona mapango. Waliona kasa mmoja aliyechoka na watu. Saa sita mchana wakateremshwa kwenye fungu la mchanga katikati ya maji, na hapo ndipo chakula kilipokuwa kimeandaliwa: samaki wa kuchoma, mayai, mananasi, mikate. Meza ndefu chini ya kivuli.

Kivuli chenyewe kilikuwa mashuka manne yaliyofungwa kwenye miti. Juu ya meza, shuka. Na kando ya kila sahani, kitambaa cheupe cha kujifutia, kimekunjwa vizuri kama barua.

"Pamba tupu!" Bosi Kofia akapiga meza kwa kiganja. "Shikeni, shikeni msikie. Kitambaa cha namna hii madukani hamkipati hata mkilia."

Bibi harusi akakishika chake. Akajifuta midomo. Kisha, kwa utani wa maharusi, akaking'ata pembeni na mumewe akakivuta kwa meno upande wa pili, watu wakapiga makofi.

Kwenye pembe aliyoing'ata palikuwa na kipande cha uzi mweusi, kifupi kama kope.

Mama Shuka aliiona. Nyie mnaokula msinilaumu, nilionya. Aliiona ile pamba ikilowa mate ya bibi harusi, na akili yake, bila kuombwa, ikamletea shuka lile lilivyokuwa siku lilipoingia chumba cha kufulia: uzito wake, unyevu wake, harufu iliyofanya vijana wapya wakimbilie nje. Alijua maji gani hutoka kwenye mwili baada ya roho kuondoka. Alijua yakikauka yanakuwa rangi gani.

Samaki aliyekuwa mdomoni akakataa kwenda chini.

Akainuka, akatembea hatua kumi, akainama akatapika baharini. Akatapika chai ya asubuhi, akatapika embe, akatapika mpaka ikabaki nyongo.

"Amezidiwa na jua huyo," Bosi Kofia akasema. "Mwana stoo, mshike mkeo."

Mwana stoo! Mama Shuka alisikia. Siku zote nne wawili hawa walikuwa wakiitana "bwana" na "bosi" kama watu waliojuana juzi. Sasa kwa ulevi wa jua jina la kazi limemponyoka.

Bwana Stoo akaja na chupa ya maji. Akampeleka nyuma ya jabali lililokuwa mwisho wa fungu la mchanga, mbali na masikio.

"Pole, mke wangu. Sukutua."

Alisukutua, akatema. Akasema bila kupandisha sauti:

"Ni mashuka mangapi?"

"Mashuka gani?"

"Baba watoto, usinifanye mtoto. Ule ni mshono wangu. Mwekundu kitandani, mweusi mezani. Yule binti ametafuna kitambaa cha maiti, watu wakampigia makofi."

Mumewe akatazama kulia, akatazama kushoto. Akajaribu kucheka. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu anayezungumzia mzigo wa sabuni.

"Yamefuliwa," akasema.

Mungu wangu. Hakukana hata kidogo.

"Yamefuliwa, yamenyooshwa, yamerekebishwa na fundi. Si wewe mwenyewe unasema maji ya moto yanaua kila kitu? Kitambaa kizima kinachomwa moto bure kwa sababu ya doa. Mimi nimeokoa mali."

"Umeokoa! Watu wamelala juu ya vidonda vya watu!"

"Hakuna aliyekufa."

"Wenye mashuka ndio waliokufa!"

Akamshika mkono. "Teremsha sauti. Nani alikuwa anajua? Hakuna. Tumekula raha siku nne, umenenepa, umelala mpaka saa tatu asubuhi. Haikukudhuru."

Aliuvuta mkono wake kana kwamba ameguswa na kitu chenye utelezi. Miaka kumi mkono ule ulikuwa umemshika kiuno sokoni, umembebea watoto homa zilipowapata. Sasa aliona kucha zake tu, na alichokuwa anajiuliza ni kama huwa anazinawa.

"Nasema leo," akamwambia. "Tukirudi hotelini, kabla ya chai, nawaambia wageni wote, kisha napiga simu kwa daktari mkuu."

Bwana Stoo akatikisa kichwa polepole, kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyomwogopesha.

"Utawaambia nani ameshuhudia yakichomwa?"



"Fomu ya kuteketeza inataka sahihi mbili," mumewe akaendelea. "Mtunza stoo na mkuu wa kufulia, wote wawili wamesimama mbele ya tanuri mpaka majivu. Fomu saba zimejazwa mwaka huu. Zote zina sahihi yako, mke wangu. Nimezipiga picha, zimo humu." Akagonga mfuko wa simu.

Na ni kweli. Akakaa juu ya jabali.

Hakuwahi kusimama mbele ya lile tanuri hata siku moja. Ya nini, na mtu wa pili ni mumewe? Fomu zililetwa nyumbani pamoja na mkate. Moja aliitia sahihi akimenya viazi, karatasi ikalowa maji. Nyingine akimsuka mwanawe. "Weka hapo chini, mama watoto, nisirudi tena kazini." Akaweka. Wafanyakazi wengine wasioaminiana wangekwenda wote wawili wakasimama kwenye moshi, kila mmoja akimchunga mwenzake. Wao walikuwa nyumba moja, wakaona kuchungana ni matusi.

"Ukinifunga, umejifunga," Bwana Stoo akasema. "Watoto atawalea nani? Dada yako mwenye watoto wake watano? Inuka, futa mdomo. Bosi anataka kutupongeza."

Na wakapongezwa! Bosi Kofia akasimama, kofia kichwani, akainua bilauri: leo wapendwa wetu hawa wametimiza miaka kumi ya ndoa, siku kama ya leo, tarehe kama ya leo. Wageni wakashangilia. Mtu akamkabidhi Mama Shuka kitambaa cheupe ajifute machozi ya furaha. Akakishika kwa ncha za vidole viwili, akakiachia mchangani.

Kurudi, alikaa mbele ya boti peke yake. Alikuwa anapiga hesabu moja tu, kazi na wanawe wawili upande huu, na upande ule kiwiko cha bibi harusi. Nyuma kwenye usukani, mumewe na Bosi Kofia walikuwa wameinamiana wakinong'ona, na kofia imewaficha wote wawili.

Boti ilipofunga gatini, Bwana Stoo akasema anakwenda kuoga.  Mama Shuka alizunguka jikoni, akapita mapipa ya taka yenye inzi, akafuata harufu ya sabuni. Akili ilikuwa imeling'ang'ania neno moja la mumewe: maji ya moto. Kama yamechemshwa kweli, labda. Labda anaweza kunyamaza, arudi kwa wanawe, achome fomu, asilale naye tena kitanda kimoja maishani. Ndiyo, aliwaza hivyo. Siwezi kuwaficha.

Chumba cha kufulia cha hoteli kilikuwa banda la mabati lenye karo mbili na meza ya pasi. Dada wa vyumba alikuwa hapo, kanga kiunoni, mikono ndani ya karo mpaka viwikoni.

"Shikamoo, mama. Umepotea njia?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana, hii ndiyo njia yangu. Mimi pia ni mfuaji." Akachovya kidole kwenye karo. Maji yalikuwa baridi. "Mnachemshia wapi?"

"Kuchemsha?" Dada wa vyumba akacheka. "Maji ya moto hapa hamna, mama. Bosi anasema kuni ghali na moto unaharibu pamba. Tunaloweka na sabuni, tunamalizia na manukato." Akaonyesha chupa kubwa ya waridi. "Robo kikombe kwa karo. Usipotia, yananuka."

"Yananuka nini?"

Yule binti akasita. Akatoa mikono majini ajipanguse, na Mama Shuka akaona. Kuanzia kifundo mpaka kiwikoni ngozi ilikuwa imepasuka na kuota magamba, katikati ya vidole kumetunga usaha wa manjano.

"Ni sabuni tu," binti akasema upesi, akaificha mikono nyuma. "Bosi kasema ni sabuni. Hata mtoto wangu nyumbani anavyo vidonda hivi, nadhani namwambukiza sabuni."

Mtu mzima kumwambia mama mwenye mtoto kwamba sabuni inaambukiza!  Maji baridi na manukato. Mama Shuka alikuwa amelala siku tatu akivuta waridi, akimsifia mumewe chumba kinavyonukia.

Akageuka atafute mahali pa kushika, na mkono wake ukatua juu ya meza ya pasi.

"Hilo taratibu, mama!" dada wa vyumba akasema. "Hilo ni la maharusi peke yao. Bosi analipenda kuliko yote. Nalinyoosha kila siku, wakirudi walikute kitandani."

Lilikuwa shuka la rangi ya maziwa, ukingoni limetariziwa ndege wadogo wa buluu. Ndege ishirini na wanne. Ndege wa nane ana mdomo uliopinda, kwa sababu siku aliyokuwa anamshona, mshonaji alikuwa anacheka.

Mshonaji alikuwa yeye. Lilikuwa shuka la ndoa yake.

Miezi minne iliyopita mama mkwe wake alilazwa Wodi Saba. Mashuka ya hospitali yalikuwa yanamkwaruza vidonda, akawa analia kama mtoto. Mama Shuka akachukua shuka laini kuliko yote aliyonayo nyumbani akamtandikia. Mama mkwe alilalia ndege wale siku kumi na tisa, akafia juu yao. Na kwa kuwa sheria ni sheria, mkwe mtu alilikata sikio mwenyewe, akalishona uzi mweusi huku machozi yakilowesha sindano, akaliweka mikononi mwa mumewe. "Nenda kamchomee mama," alimwambia. Bwana Stoo alilipokea kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa. Akalia!

Mama Shuka aligeuza pembe ya nne. Kiraka. Akakifumua kwa kucha, na uzi mweusi ulikuwepo.

Hakupiga kelele. Alilikunja mara nne, akaliweka mkononi.

"Mama, unalipeleka wapi? Bosi ataniua!"

"Usitie tena mikono kwenye maji hayo. Nawa kwa maji ya bombani, nifuate."

Sasa, wasomaji wangu, kama kuna aliyedhani huyu mume ameshafika mwisho wa uchafu wake, ajishike.

Mama Shuka alipotokea kwenye baraza ya chai, wageni wote walikuwa wamesimama. Hakuna aliyegusa kikombe. Na katikati yao, kwenye kiti, Bwana Stoo alikuwa analia kwa sauti, simu mkononi, mabega yanatikisika. Bosi Kofia amemwekea mkono begani kama mfiwa mwenzake.

"Ndugu zangu, nisameheni," alikuwa anasema. "Nimegundua leo. Leo hii! Mke wangu mwenyewe. Anachukua mashuka ya hospitali, anamuuzia huyu mzee wa watu kwa jina la mashuka mapya. Tazameni sahihi yake hii. Saba! Nami nimelala naye, nimekula naye..."

"Nimetapeliwa," Bosi Kofia akaongeza. "Uzee huu nimetapeliwa na mwanamke."

Nyuso kumi zikamgeukia Mama Shuka, naye huyo amesimama na shuka mkononi kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Bwana harusi akamsogelea ngumi imekunjwa.

"Ni kweli, wewe mama? Sahihi ni yako?"

Hapa ndipo mtu mwingine angesema hapana. Angesema nililazimishwa, nilidanganywa, sikusoma. Mama Shuka alifungua mdomo, akawaona wanawe wawili, akaona mlango wa chumba chake cha kufulia kule hospitali umefungwa kwa kufuli. Akaona pia mikono ya dada wa vyumba aliyekuwa anahema nyuma yake.

"Sahihi ni yangu," akasema. "Zote saba. Niliandika kwamba nimeona yakichomwa, na sikuona. Nitayasema hayo hospitali, nitayasema polisi. Ni mashuka ya wagonjwa wa kutengwa na ya maiti. Hayajachemshwa. Upele mnaojikuna si mbu. Msiyalalie tena, msijifutie, msiwakumbatie watoto wenu kabla ya kuona daktari."

Kelele zikalipuka. Mtu akatupa kikombe. Bibi harusi akaanza kujisugua midomo kwa mgongo wa mkono, anasugua, anasugua.

Bwana Stoo akalia zaidi. "Mnaona? Mnaona niliyemwoa?"

Mama Shuka akapita katikati yao, akasimama mbele ya kiti chake, akamwekea lile shuka mapajani.

"Baba watoto, umelia sana. Jifute machozi."

Bwana Stoo akatazama chini. Akawaona ndege. Kilio kikakatika ghafla.

Kwa muda wa pumzi moja uso wake ulikuwa wa mtoto aliyefumaniwa na mama yake. Mama Shuka aliuona, na kwa pumzi hiyo moja alitumaini, hata sasa, kwamba atalitupa lile shuka na kupiga yowe.

"Silijui shuka hili," Bwana Stoo akasema.

"Kama hulijui, jifute."

Wageni walikuwa wanatazama. Alitazama huku, akatazama kule. Kisha akaliinua. Akajifuta jicho la kulia, akajifuta la kushoto. Akajifuta na pua.

Mama Shuka alifunga macho. Kichefuchefu cha mchana kilikuwa cha tumbo. Hiki kilitoka mahali alipokuwa amemweka mtu huyu kwa miaka kumi, na hakikuwa na pa kutokea.

"Lakini hilo..." bibi harusi akasema. "Hilo ni shuka la kitanda chetu."

"Ni langu, mwanangu. Nimelitarizi mimi. Mama yake mzazi amefia juu yake Wodi Saba, nikampa huyu alichome. Bwana harusi, geuza upindo wa chini, upande wa ndani. Soma."

Kijana akalipokonya shuka, akageuza upindo. Kulikuwa na maandishi madogo ya uzi wa buluu.

"Ni tarehe," akasema. "Tarehe ya leo. Miaka kumi iliyopita."

Wote waliinua bilauri mchana kwa ajili ya tarehe ile. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mmoja wa wanawake akamtemea Bwana Stoo mate, yakamtua shavuni, na mara hii hakuwa na cha kujifutia.

"Boti!" mtu akapaza sauti. "Tupeni boti, tunaondoka sasa hivi!"

"Boti! Boti!"

Bosi Kofia alikuwa amejitenga karibu na ngazi, simu sikioni. Hakuwa tena mzee wa watu. Alizungumza maneno machache, akaitia simu mfukoni, na kule chini kwenye gati injini tatu zikanguruma kwa pamoja.

Wageni wakakimbilia ukingo wa baraza. Boti zote tatu zilikuwa zinaondoka, tupu, zimeelekea bara.

"Zinakwenda kutengenezwa," Bosi Kofia akasema kwa upole. "Zitarudi Jumatatu. Mpaka hapo mtakuwa mmetulia, tumezungumza kama watu wazima, na kila mmoja ameshasahau alichosikia. Leo ni Ijumaa, wapendwa. Jua linakaribia kuzama na baraza haina vyandarua."

Akamgeukia dada wa vyumba.

"Nenda katandike vitanda."